Usihesabu samaki kwanza: niliyojifunza kwenye miamba ya zege ya Wasini

Swali ninaloulizwa zaidi na wageni wanaofika Shimoni, kusini mwa pwani ya Kenya, ni hili: mkishusha matofali ya zege baharini, samaki huchukua muda gani kuja? Huwajibu kwamba samaki huja siku hiyo hiyo. Nimeshuka na mtungi wa hewa mgongoni tofali likiwa ndiyo kwanza limegusa mchanga, maji bado yamechafuka, na tayari visamaki vya urefu wa kidole vimejipenyeza kwenye matundu yake. Wageni hufurahi sana wakisikia hivyo, na hapo ndipo huanza kuwaeleza kwa nini jibu hilo halitoshi. Kazi hii ya kurejesha matumbawe imenizoesha kuwaacha samaki kwanza nikatazama zege lenyewe: limeota nini, limeota upande gani, na limegeuka rangi gani.

Mimi ni mtu wa Mkwiro, mashariki ya kisiwa cha Wasini. Bahari niliingia kwa madema, mitego ya samaki, ya babu yangu, kisha baadaye nikafunzwa kupiga mbizi na kuingia katika kazi ya kurejesha matumbawe. Wakubwa zetu walitusimulia habari za mwaka 1998, mwaka wa El Niño, maji yalipopata joto na matumbawe yakageuka meupe kuanzia kwetu mpaka visiwa vya mbali vya Bahari ya Hindi. Sehemu nyingi za pwani ya Kenya zilipoteza zaidi ya nusu ya matumbawe yaliyo hai. Yaliyokufa yalibaki yamesimama kwa muda, halafu mawimbi, nanga na juya, nyavu za kukokota, zikayavunja. Upande wa Tanzania baruti za wavuvi zilifanya kazi hiyo hiyo kwa haraka zaidi. Mwisho wake ni uwanja wa vipande vilivyolala chini, vingine vya ukubwa wa kiganja, na kila bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, mkondo unavibingirisha.

Vipande hivyo ndivyo chanzo cha kazi yetu yote. Mtoto wa tumbawe anaweza kutua juu ya kipande, akashika, akaanza kujijenga. Kipande kikipinduka, amefunikwa. Akisagwa na jirani yake, amekwisha. Ndiyo maana eneo linaweza kukaa miaka na miaka bila kupona ingawa maji ni safi na watoto wa matumbawe wanapita juu yake kila msimu. Kinachokosekana ni kitu kigumu ambacho hakitikisiki, na zege linaweza kukitoa. Zaidi ya hapo zege halitoi kitu. Mengine yote huletwa na bahari.

Wavuvi hatukuhitaji kufundishwa na mtu kwamba kila kigumu kinachokaa majini huota. Ndiyo sababu tunapandisha vyombo pwani, tunakwangua chini, tunapaka deheni ya shahamu na chokaa. Yeyote aliyewahi kukwangua dau lililolala majini msimu mzima anawajua wale wenye magamba meupe makali wanaong'ang'ania mbao kiasi cha kukata vidole. Ujuzi wetu wa miaka yote ulikuwa wa kuwazuia wasihamie. Nilipoanza kazi hii nilihitaji kugeuza macho, nianze kuwakaribisha wale wale niliokuwa nikiwakwangua, na nijue nani atangulie nani.

Kazi huanzia nchi kavu. Tunachanganya saruji, mchanga na kokoto, tunamimina kwenye kalibu, na uso wa tofali tunauacha na makwaruzo na vishimo kwa makusudi. Fundi wa nyumba akiona atasema kazi mbovu. Lakini uso laini hauna pa kushikia wala pa kujificha. Halafu tunalisubiri likomae. Fundi yeyote anajua saruji mbichi inavyokula ngozi ya mikono. Ukali huo huo humfukuza kiumbe laini asiyefikia hata milimita moja. Zege changa lina ukali wa pH ya 12 au zaidi, na maji ya bahari ni kama 8. Kwa hiyo tofali hukaa likimwagiliwa maji wiki kadhaa kabla ya kupakiwa chomboni, na hata likishushwa, bahari yenyewe huendelea kulipoza.

Likishafika chini, mambo ya mwanzo kabisa huwezi kuyaona kwa macho. Ndani ya muda mfupi uso wa zege hupata utando wa vitu vidogo vilivyoyeyuka majini, na ndani ya saa chache bakteria hutua juu ya utando huo. Siku chache zikipita ukilipapasa unahisi utelezi. Hapo wameshafika dayatomu, mimea midogo ya chembe moja yenye ganda kama la kioo, nao hulipa zege rangi ya hudhurungi. Kwa mtu anayepita juu na miwani, tofali limechafuka tu. Mimi utelezi huo huufurahia, maana bila huo wengi wanaokuja baadaye hawatui.

Wiki zinazofuata ni za mwani mfupi, manyoya ya kijani na kahawia yanayofunika kila mahali penye jua. Kipindi hiki hakipendezi. Tofali linaonekana limetupwa na kusahauliwa, na hapa ndipo watu wengi hukata tamaa. Wafadhili pia hupiga picha, wakaondoka bila kuridhika. Chini ya yale manyoya, hasa pembeni na upande wa kivuli, magamba meupe yamekwishashika, na minyoo midogo inayojijengea mirija ya chokaa, mingine imejikunja mviringo kama ganda la konokono. Miezi ikisonga huja sifongo za rangi ya chungwa na zambarau, vifuko laini vinavyonyonya maji upande mmoja na kuyatoa upande wa pili, na chaza wadogo. Hawa wote huishi kwa kuchuja chakula kinachopita na mkondo. Ndiyo maana tofali lililowekwa penye maji yanayotembea hujaa, na lile lililowekwa penye maji yaliyolala hufunikwa matope. Sehemu ya chini kabisa, kama kimo cha shubiri juu ya mchanga, mara nyingi hubaki tupu, kwa kuwa mchanga unaopeperushwa na mkondo huikwangua kila siku.

Ninachokisubiri kwa hamu ni ukoko wa waridi. Ni aina ya mwani, lakini ukiushika hauamini, kwa sababu umejijenga kwa chokaa na ni mgumu. Huanza kwa madoa ya ukubwa wa ukucha, kisha madoa hukutana, na kona nzima ya tofali ikawa ya rangi ya ufizi. Mwani huu, pamoja na bakteria wanaoishi juu yake, hutoa dalili za kikemikali ambazo watoto wa matumbawe huzitambua. Mtoto wa tumbawe, ambaye wataalamu humwita lava, huogelea kwa vinywele vidogo, hushuka, hugusa, hutembea juu ya uso kama anayeukagua, na pasipomridhisha huinuka tena. Akipata mahali panapofaa hujibandika, hugeuka kuwa polipi moja, yaani kijinyama chenye mdomo mmoja na minyiri, na kuanzia hapo hahami tena maisha yake yote.

Jinsi ya kuwaona nilifundishwa na mtafiti mmoja, na ni jambo ninalolipenda kuliko yote katika kazi hii. Unashuka jua likizama na tochi ya mwanga wa buluu, mbele ya miwani umeweka kioo cha manjano. Unalala kifudifudi mchangani, unaingiza tochi chini ya ukingo wa tofali. Ukoko, sifongo na mwani vyote huwa giza. Kisha unaona kidoa cha kijani kinachong'aa, hakifiki upana wa punje ya mchele. Ukisogea zaidi unaona kina minyiri iliyopangika kuzunguka mdomo mmoja. Ni tumbawe, na hakuna mtu aliyelipanda pale. Mara ya kwanza nilikaa nikilitazama mpaka mwenzangu akanigusa bega akinionyesha saa ya hewa.

Mwanzoni nilishangaa kuwakuta wengi wao chini ya kingo na ndani ya mashimo, wakati tumbawe linahitaji jua. Sababu ni usalama. Juu ya tofali kuna mwani unaowafunika na matope yanayotua, na kuna pono anayekwangua zege kwa meno yake na kuacha alama nyeupe mbili mbili. Mtoto wa milimita mbili akikutana na mdomo ule hana nafasi. Walioponea kwenye ukingo hukua wakielekea nje, na wakishafikia ukubwa wa sarafu pono huwaacha. Baada ya kujua hilo tulianza kutengeneza matofali yenye vitundu vingi zaidi na kingo nyingi zaidi, kuliko yale ya mwanzo yaliyokuwa mazito na manene.

Hata hivyo pono na kangaja ni rafiki zetu wakubwa. Utafiti uliofanywa kwenye vitalu vya matumbawe, mahali vipande vinapooteshwa majini, hapa Kenya, ukachapishwa mwaka 2019, ulionyesha kwamba vitalu vilivyowekwa karibu na mwamba hufaidika na samaki wanaokula mwani kuliko wanavyodhuriwa na samaki wanaotafuna matumbawe. Ndivyo tunavyoona sisi pia. Tofali lililo karibu na mwamba mkongwe husafishwa bure. Lililo mbali, penye mchanga mtupu, hubaki na manyoya ya mwani muda mrefu, na sisi ndio tunaoshuka na brashi.

Msimu nao una neno. Kule Great Barrier Reef, Australia, matumbawe mengi hutoa mbegu usiku chache tu za mwaka, kwa pamoja. Kwetu haiko hivyo. Sangeeta Mangubhai na Peter Harrison walichunguza matumbawe ya jamii ya Acropora huko Mombasa na mwaka 2008 wakaeleza kwamba utoaji mbegu umetawanyika katika miezi kadhaa, aina hii mwezi huu, aina ile mwezi mwingine. Nyingi huangukia wakati wa kaskazi. Na mkondo wa pwani yetu hutoka kusini, kwa hiyo watoto wanaotua Wasini huenda wamezaliwa kwenye miamba ya Pemba au Tanga. Huwaambia wenzetu wa upande wa pili wa mpaka kwamba mwamba wao ukifa, wetu hauna pa kupata watoto.

Wa kwanza kuonekana waziwazi kwenye zege letu mara nyingi ni jamii ya Pocillopora, wale wenye matawi mafupi yenye vinundu. Hukua haraka na hufa haraka, lakini wana wapangaji wa ajabu. Tumbawe likifikia ukubwa wa ngumi tu, tayari kuna kaa wawili katikati ya matawi, jike na dume, wekundu au wa rangi ya chungwa, upana wao haufiki wa ukucha wa kidole gumba. Ukisogeza kidole wanakuja mbele na magando juu. Kuna kiti cha pweza mwenye miiba anayekula matumbawe, mnyama mwenye mikono mingi na upana wa sinia, na kaa hawa humshambulia kwa kumbana miguu yake mpaka ageuze njia. Wao hula ute wa tumbawe, nalo tumbawe hupata walinzi. Nikishawaona kaa hawa kwenye tofali, ndipo huandika kwenye ubao wangu wa majini kwamba mahali hapa pameanza kuishi.

Kuanzia hapo kila aina huenda kwa mwendo wake. Acropora wa matawi anaweza kurefuka sentimita kadhaa kwa mwaka, pengine hata kumi. Porites, yule wa mviringo kama jiwe, huongeza kama sentimita moja tu kwa mwaka, lakini huishi karne na karne. Kwa hiyo ukiona tofali la miaka mitano limejaa matawi mazuri, ujue unatazama wale wa haraka tu. Wale wa kubeba mwamba kwa vizazi bado ni vibonge vya ukubwa wa limau, na ukipita mbio huwaoni.

Samaki nao hubadilika jinsi uso unavyobadilika. Wale wa siku ya kwanza walitafuta kivuli na maficho tu, na chakula chao walikifuata nje. Mwani ukiota huja tafi na kangaja kula pale pale. Minyoo, kaa na kamba wadogo wakiongezeka huja changu na wale wanaochokonoa mchanga. Pweza hupata shimo lake, na huwezi kumkosa kwa sababu mlangoni ameacha rundo la maganda. Mkunga huingia tundu la chini. Mwisho huja chewa mkubwa na kukaa humo humo, na chewa hakai mahali pasipo na chakula cha kudumu.

Hapa ndipo penye mgogoro wa kweli, na sikuupata vitabuni. Mzee mmoja wa kijijini kwetu alinisubiri ufukweni.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Nasikia kwenye matofali yenu samaki wamejaa. Nami nina madema. Kwa nini nisitege pale?"

"Babu, wale si wapya. Wamesogea kutoka mwamba ule mkubwa. Ukiwatoa hapa umewatoa na kule."

Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi ninyi mmetengeneza dema kubwa, mkatuzuia tusilivute."

Sikuwa na la kumbishia, kwa sababu alichosema ndicho wataalamu wa dunia nzima wamekuwa wakibishania kwa miongo mingi: mwamba wa kutengenezwa unazalisha samaki, au unawakusanya tu? Kwa niliyoyaona, miaka ya mwanzo unawakusanya. Mvuvi akitega siku hizo anavua kwa urahisi samaki wale wale waliokuwa wametawanyika mwambani, na eneo zima linabaki maskini kuliko mwanzo. Uzalishaji huja uso wa zege ukishaanza kulisha na kulea, na hilo huchukua miaka. Kwa hiyo ukishusha zege bila kukubaliana na wavuvi kwamba hapavuliwi, bora usishushe. Nasema hivi nikiwa mtoto wa mvuvi. Kwetu makubaliano yalipita kwenye vikao vya BMU, chama cha wavuvi kinachosimamia ufuo, vikao virefu na vyenye maneno makali, na yule mzee alikuwa miongoni mwa waliosema ndiyo, kwa sharti kwamba vijana wa kijiji ndio wahesabu samaki na matokeo yasomwe mbele ya watu.

Tunasikia pia hoja kwamba chochote kikitupwa baharini kitageuka mwamba. Si kweli. Huko Florida, Marekani, miaka ya 1970 walishusha matairi yapatayo milioni mbili nje ya Fort Lauderdale, mahali panapoitwa Osborne Reef. Kamba na vifungo vikaoza, matairi yakaanza kutembea na dhoruba, yakagonga miamba hai iliyokuwa karibu. Baadaye wakaanza kuyatoa kwa gharama kubwa. Tairi ni jepesi, linapinda, na kwa tumbawe halina tofauti na kile kipande kinachobingirika.

Meli ni jambo jingine. Karibu na Mombasa ilizamishwa MV Dania mwaka 2002, meli ya kubebea mifugo yenye urefu wa mita 80 hivi, baada ya kusafishwa. Nimewahi kuizamia. Iko chini kiasi cha mita 30, jua ni dogo, kwa hiyo kilichojaa ubavuni si matumbawe ya mawe kama yetu bali sifongo na matumbawe laini, na chewa wakubwa wameshika vyumba vya ndani. Ni mahali pazuri sana. Ila chuma huliwa na kutu, na ganda la kutu likibanduka huondoka na aliyeota juu yake. Nikilinganisha, mahali penye kina kifupi nitachagua zege kila mara.

Halafu ukaja mwaka 2024. Machi na Aprili maji yalikuwa ya moto hata ukizamia chini. Joto likizidi kiwango cha juu cha kawaida kwa digrii moja tu, likakaa hivyo wiki kadhaa, tumbawe huwafukuza mwani wadogo wanaoishi ndani ya mwili wake na kulilisha, nalo hubaki jeupe lenye njaa. Aprili hiyo dunia ilitangaziwa kwamba hili lilikuwa tukio la nne la aina hiyo kwa bahari zote. Kwenye matofali yetu Pocillopora na Acropora waligeuka weupe, wengine waridi na buluu ya kung'aa iliyowafurahisha watalii. Mimi nililia ndani ya miwani. Wengi wa wale wa haraka walikufa. Vile vibonge vidogo vya Porites vingi vilififia tu, kisha vikarudi rangi yake.

Lakini zege halikuanza upya kutoka sifuri. Ukoko wa waridi ulibaki. Mashimo yalibaki na mkunga wake. Pono waliingia kwenye mifupa mipya ya matumbawe yaliyokufa na kuzuia mwani usifunike kila kitu. Kaskazi iliyofuata niliposhuka na tochi ya buluu nilikuta vidoa vya kijani chini ya kingo, na baadhi vilikuwa vimetua juu ya shina la Acropora aliyekufa, mahali palipokwishageuka waridi.

Tangu hapo tumebadilisha mpango. Hatushushi tena matofali yote mahali pamoja; mengine tunayapeleka penye mkondo wenye nguvu na maji ya baridi kidogo, ingawa kupiga mbizi pale ni kazi ngumu na lazima ufuate maji mafu, siku ambazo mkondo umelegea. Tunayashusha kusi likimalizika, ili utelezi na ukoko viwe vimeshaanza kabla ya msimu wa mbegu. Vitalu vyetu sasa vina vipande vya wale walionusurika na joto. Na kwenye fomu ya kuhesabia, safu ya samaki tumeihamisha nyuma; ya kwanza ni asilimia ya ukoko wa waridi, ya pili ni watoto wa matumbawe chini ya ukingo, na vijana wapya wa Mkwiro huanza mafunzo yao kwa safu hizo mbili.